Mkono wa Kushoto wa Apolonia

Nitakueleza habari za Apolonia, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na usinikatize. Wa kukusimulia habari zake ni wengi siku hizi, maana amepiga piano Mwanza mbele ya maaskofu, na Dar es Salaam mbele ya watu waliovaa suti kwenye joto lile. Lakini hao wote walikuta chungu kimeshaiva. Mimi nilikuwepo wakati wa kupuliza moto.

Wale wa Dar walipomwalika mara ya kwanza walibandika tangazo mlangoni pa ukumbi: Mlemavu Mwenye Kipaji cha Ajabu. Apolonia akasimama pale pale mlangoni, akasema hapandi jukwaani mpaka karatasi ile ibanduliwe. Wakamwambia watu wameshakaa. Akasema basi waendelee kukaa. Ikabanduliwa, wakaandika upya kwa kalamu jina lake na kazi yake, mpiga piano, basi. Ukaidi huo hakuzaliwa nao. Aliupatia hapa hapa kwetu, parokiani, na walioufundisha hawakujua kama wanafundisha.

Piano yenyewe ililetwa na masista zamani, kwa treni mpaka Isaka, kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka huku kwetu upande wa Kharumwa. Njia nzima ilikuwa ikilia yenyewe kila gurudumu lilipogonga jiwe, na ng'ombe mmoja akaizoea kiasi kwamba tangu siku hiyo alikuwa hali majani mpaka apigiwe. Alipochinjwa nyama yake niliila mimi. Ilikuwa laini kama maandazi.

Sista Agnetha, mzungu mrefu aliyelazimika kuinama hata kwenye mlango wa kanisa, ndiye aliyemfundisha Apolonia tangu ana meno ya utoto. Hakumfundisha nyimbo za kwaya tu. Alimfundisha muziki wa Wazungu wa kale, ule usio na maneno, ambao unausikiliza umeinamisha kichwa na hujui kama umekwisha au unavuta pumzi. Sista alikuwa akisema mkono wa kulia wa mtoto huyu ni malkia, wa kushoto ni mpagazi. Huo wa kushoto akauchapa kwa rula, eti mvivu.

Halafu malkia akafa. Apolonia alipomaliza kidato cha nne alikwenda kufanya kazi kwenye mwalo, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, akawa anahudumia karasha. Karasha ni pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linazungushwa na mkanda, na halijui tofauti ya jiwe na mtu. Mkanda ukamshika kiganja cha kulia. Hospitali wakakata chini kidogo ya kiwiko. Wachimbaji, ambao hawaoni damu bila kutabiri dhahabu, wakasema sasa mwamba ule utatema. Nikawaambia ukitema, waanze kuniletea vidole vya mjukuu wangu.

Alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta, siku baada ya siku, hata nikaanza kuuchukia ukuta. Kisha asubuhi moja akaamka, akaoga, akaenda kanisani, akafungua piano na kuanza kumwadhibu mpagazi. Nasema kumwadhibu. Mkono ule ulilazimishwa kuimba na kubeba mzigo kwa wakati mmoja: kidole gumba kinaimba juu, vile vinne vinashuka mbio bondeni kuchota maji na kurudi, na mguu kwenye pedali unaishikilia sauti isianguke mpaka mkono urudi kuipokea. Sista Agnetha alikuwa ameshastaafu, yuko Mwanza, lakini alipopata habari alipanda basi akaja na mfuko wa karatasi za muziki uliotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Kumbe kwao kuna watu waliorudi vitani na mkono mmoja wakakataa kuacha piano, na watunzi wakawatungia. Nikamwuliza Sista kama watu hao waliweza kuoa. Akasema wengine waliweza. Nikamwambia basi tatizo limekwisha.

Apolonia akarudi kupiga piano misani. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Juliana, mwenyekiti wa akina mama, alisema kumpigia Mungu kwa mkono wa kushoto, mkono wa chooni, ni kumtukana. Mimi nilitaka kumjibu, ulimi ulikuwa umeshanolewa. Apolonia hakutaka mabishano. Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni baada ya misa akampa kila mtu mkono, wa kushoto, akianza na Juliana. Juliana aliutazama kama anatazama nyoka. Foleni nyuma yake ikawa ndefu, watu wana njaa, akaushika.

Mwalimu Herman, yule wa kwaya, naye alikuwa na lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa huruma, ila huruma ya Herman ni kama mvua ya mawe, inakuja kumwagilia inaacha shamba limelala. Alitaka mtu mwingine akae kulia kwa Apolonia, apige ule upande uliobaki.

"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, Apolonia," akamwambia mbele ya kwaya nzima.

"Sichinji ng'ombe, mwalimu. Napiga piano."

Kwaya ikacheka, na mwalimu akichekwa na kwaya yake hasamehe upesi. Herman akaenda akamleta Davis, kijana wa Masumbwe mwenye kinanda cha umeme, kile ambacho ukibonyeza kitufe ngoma zinajipiga zenyewe. Akapeleka hoja kwenye halmashauri ya parokia: piano ile kuukuu inakula nafasi, kuna watu Shinyanga mjini wanaitaka, wapewe, na Davis apige kanisani. Yaani Apolonia na piano yake watolewe pamoja, kama mavi ya ng'ombe kwa koleo moja. Na piano nyingine huku kwetu hakuna, hata ukienda mpaka Geita ukiuliza nyumba kwa nyumba. Ikiondoka ile, mjukuu wangu anarudi kwenye ukuta.

Halmashauri ikabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nje dirishani, maana sikualikwa. Nikaingiza kichwa nikawauliza wanabishana nini. Wagika na Wagalu, wale wacheza ngoma wa Kisukuma, walikuwa wanaamuaje? Pande mbili za ngoma zinaingia uwanja mmoja, zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Basi na hawa wapelekwe uwanjani. Padre Selestine akakubali haraka, kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba kichwani.

Apolonia alipopata habari alinivuta pembeni.

"Bibi, umeniuza. Muziki huu si wa uwanjani."

"Wa wapi, basi? Wa kupigia ukuta?"

Akauliza nani atahesabu watu.

Wa kuhesabu alikuwa Mzee Benjamini, aliyeamua mashindano ya ngoma tangu ujana wake. Masikio yake yalikufa zamani, kwa hiyo hapendelei mtu.

Tukangoja pamba itoke mashambani. Siku ilipofika piano ikapandishwa kwenye tela la trekta, ikawekwa upande wa mashariki wa uwanja. Herman akamletea Apolonia kitenge cha kufunika kigutu. Apolonia akakipokea, akashukuru, akakikunja vizuri, akakikalia. Gauni lake lilikuwa la mikono mifupi.

Upande wa magharibi Davis alisimika spika ndefu kuliko milango, na jenereta nyuma yake. Alipobonyeza kitufe, kuku wote wa Kharumwa walitaga, hata jogoo mmoja alijaribu. Watu wakamkimbilia. Kwetu tukabaki mimi, Mzee Benjamini na mbuzi, na mbuzi alikuwa amefungwa kamba.

Apolonia akaanza kupiga. Sikusikia kitu. Niliona tu mkono ukikimbia.

Wa kwanza kuja walikuwa wachimbaji, vijana wenye vumbi la mwamba mpaka kwenye kope. Walikuja kuona kigutu. Mmoja akasema mbona haisikiki hii. Wakasogea. Piano ile ilisikika ukiwa umeligusa tela tu, kwa hiyo wakaligusa, wakaanza kunyamazishana, na walio nyuma kuona wa mbele wamenyamaza wakasukuma wajue kuna nini. Kule kwa Davis nako masikio yakaanza kuuma. Akina mama wenye vichanga wakatoka mbele ya spika, na uwanja una pande mbili tu. Wakaja kwetu. Muziki wa Davis waliusikia vizuri kabisa wakiwa kwetu, wengine wakawa wanautikisia mabega huku wametupa sisi miguu yao. Herman alipoona watu wanapungua akaamuru sauti iongezwe. Kila ilipoongezwa, alituletea wengine. Nilitamani nimpelekee maji ya kunywa asichoke.

Mzee Benjamini akainua fimbo kuelekea mashariki. Herman akaja mbio, akampigia kelele sikioni kwamba hawa wanasikiliza muziki wake, wamesimama huku tu.

"Mimi nahesabu miguu," akasema Mzee Benjamini. "Masikio kila mtu ana yake."

Basi tumeshinda. Nikaanza kupiga vigelegele, na vilikuwa vimefika katikati Apolonia aliposimama juu ya tela.

"Davis, mdogo wangu, zima jenereta."

Nikamwambia kwa Kisukuma akae chini, piano ameshaipata, mshindi hagombani na ushindi. Akanijibu kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Sikupiga piano miaka yote hii niwe kivuli cha watu wanaokimbia spika. Aliyekuja kuona kigutu ameshakiona. Aliyekuja kupumzisha masikio, kelele imekwisha, aende. Mzee ahesabu upya."

Na aliyelazimika kuyafikisha maneno hayo kwenye sikio la Mzee Benjamini ni mimi. Nilitamani niyameze.

Davis akazima bila kumtazama Herman. Uwanja ukatulia mpaka tukamsikia mbuzi akitafuna. Na watu wakaondoka. Kwingine nimeongeza chumvi kidogo, lakini hapa sidanganyi: waliondoka wengi, wakapita mbele yetu kuelekea kwenye maandazi na miwa, Juliana akiwa mbele yao kama anaongoza maandamano. Apolonia aliwatazama mpaka wa mwisho aliyetaka kupita akapita. Ndipo akakaa.

Akapiga ule muziki mrefu alioletewa na Sista. Unaanza chini kabisa, mzito, kama treni ya mizigo inayoondoka Isaka haitaki, kisha kidole gumba kinapanda juu peke yake na kuimba. Nilifumba macho nikasikia mikono miwili. Nikafumbua, nikaona mmoja. Nikafumba tena. Mchimbaji mmoja aliyekuwa ameshafika barabarani akarudi, akapanda telani, akazunguka nyuma ya piano kumtafuta mtu wa pili. Hakumwona. Akabaki huko huko, ameegemeza paji la uso kwenye mbao. Waliokuwa kwenye maandazi wakaanza kurudi na maandazi yao, wakitafuna polepole wasitoe sauti. Hawakurudi wote. Juliana hakurudi.

Davis akatoka nyuma ya spika zake, akavuka uwanja, akaja kusimama kwenye gurudumu la tela. Herman akamwita.

"Subiri kidogo, mwalimu," akasema Davis. "Nasikiliza."

Muziki ulipokwisha Mzee Benjamini hakuwa na cha kuhesabu. Upande wa magharibi alikuwa amebaki Herman na jenereta.

Trekta ilikuwa imeshaondoka kwenda kubeba pamba ya watu, ikatuachia tela. Mzee Benjamini akaamua kwamba walioshindwa watairudisha piano kanisani kwa mabega yao, na ikifika ikae mahali pake, na anayeipiga akae peke yake. Padre Selestine akasema na iwe hivyo. Wanakwaya wakajipanga chini ya piano, Herman kwenye pembe ya mbele, jasho likimtoka kabla hata hawajainua. Akamwona Apolonia amesimama tu.

"Hata kona moja hutushikii?"

"Hapana, mwalimu," akasema Apolonia. "Kazi hii ni ya mikono miwili."

Akatangulia mbele yao, akiwaonyesha mashimo ya njia kwa mkono wa kushoto, shimo moja baada ya jingine, mpaka kanisani.