Mama Mkwe Kwenye Usukani

Jamani, mimi SINYWI!

Tangu mabibo yaanze kuanguka mikoroshoni, watu wote hapa Mtawanya wanasema nimeanza kunywa uraka, ile pombe ya mabibo. Kisa? Pikapu yangu kuukuu inayumba barabarani kama imetoka kilabuni.

Leo mama mkwe kaja mwenyewe. Hata kukaa hajakaa.

"Baba, haya ya pombe ni kweli?"

Nikaona kuapa hakusaidii. Nikamwomba apande kwenye siti ya dereva, autikise usukani kulia na kushoto. Mimi nikaingia uvunguni mwa gari. (Ndiyo, mbele ya mkwe, miguu nje!)

"Zungusha, mama."

"Nazungusha!"

Tairi kimya.

"Zungusha zaidi!"

"Si ndiyo nazungusha, baba!"

Hapo nikaiona. Jointi ya kushoto inayopeleka usukani kwenye tairi imelegea, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamwita achungulie. Akafunga khanga vizuri, akainama, akaangua kicheko.

Kesho naweka jointi mpya. Nyie mlionitangaza, nawasubiri mkanushe hapa chini kwenye maoni.

Ila mmechelewa. Mama mkwe karudi kwa miguu, na kwenye kila kibaraza anasimama:

"Mkwe wangu mzima. Anayekunywa ni gari."