Siku Nne za Aksoloti Ndani ya Friji

Jumatano asubuhi alikataa mnyoo. Nilimshusha majini kwa kibanio, nikamchezesha mbele ya pua yake kama nilivyofundishwa, naye akageuza kichwa pembeni. Nikadhani ameshiba. Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana nilikuwa na sare za shule za kumalizia, na sikumwaza tena siku hiyo.

Huyu ninayemsema ni aksoloti. Hapa mtaani kwetu Majengo hakuna aliyewahi kumwona mnyama wa namna hiyo, na hata mimi sikuwa nimemwona kabla dada yangu hajamleta. Anaishi majini maisha yake yote. Ana mwili kama wa kambale mchanga, miguu minne yenye vidole vyembamba, na pande zote mbili za kichwa matamvua yake ya kupumulia yametokeza nje, mekundu, kama manyoya ya ndege. Wetu ni mweupe, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba ukimmulika tumboni unaona kivuli cha chakula alichokula jana.

Dada yangu alifanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye familia moja iliyokuwa na mtoto aliyemfuga. Familia ilipohama nchi, walimwachia dada mnyama huyo. Hakuwa na mtoto, na mnyama yule akawa kama mtoto. Tatizo ni joto. Aksoloti hawezi joto, na dada alikuwa akigandisha chupa za maji kila siku ili kulipoza tangi. Basi alipoambiwa ana uvimbe tumboni na lazima afanyiwe upasuaji, jambo la kwanza alilonipigia simu kuniambia halikuwa upasuaji.

"Mdogo wangu, nikilazwa nani atambadilishia barafu? Huko kwenu Ufipa baridi ipo ya bure. Naomba nimlete."

Akamleta mwenyewe kwa basi, ndani ya boksi la kubebea samaki, akiwa amempakata njia nzima. Alikaa nasi siku mbili tu. Alinionyesha kulaza maji ya bomba kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatumia, kuchimba minyoo kwenye bustani isiyopigwa dawa, kusoma kipimajoto. Alipopanda basi la kurudi akasema, "Usibadilishe kitu. Na kila siku unitumie video yake, hata fupi."

Mimi nikabadilisha kitu. Jumapili ya wiki ile ya upasuaji nilikuwa natoka Matai, ambako mume wangu anafanya kazi na kurudi nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi. Gari letu lilipasuka tairi karibu na kijito, abiria tukashuka. Nikaona vijiwe vidogo majini, vyeupe na vya kahawia, laini kabisa. Nikafikiri: dada akiamka, akute tangi limependeza. Nikajaza mfuko wa koti. Nyumbani nikaviosha, nikavitandaza chini ya tangi, na kusema kweli palipendeza.

Alhamisi matamvua yake yalikuwa yamejikunja kuelekea mbele, na ncha ya mkia imepinda. Nikajua si shibe. Nikalaumu maji. Nikatoa nusu ya maji, nikaweka mengine yaliyolala kwenye ndoo, nikakaa kwenye kigoda kumtazama. Hakubadilika. Mchana ule ule ukaingia kwenye simu ujumbe wa dada, wa kwanza tangu atoke chumba cha upasuaji: "Nipo. Nionyeshe mtoto."

Ningemwonyesha nini? Nikatafuta video ya zamani, nikamtumia. Akajibu kwa alama ya moyo. Nililia jikoni, kimya, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa sebuleni.

Mama mkwe alikuwa ameletwa kutoka kijijini ili ahudhurie kliniki ya miguu. Ni mama wa ulezi na mahindi, anaongea Kifipa na Mungu na Kiswahili na sisi. Tangu siku ya kwanza alikaa akilipa tangi lile mgongo. "Samaki mwenye mikono," alisema, "mimi sijawahi kuambiwa habari zake." Sala yake ya jioni aliihamishia chumbani.

Ijumaa asubuhi nilimkuta aksoloti anaelea. Tumbo limevimba upande mmoja, sehemu ya nyuma imeinuka juu ya maji, kichwa kinaelekea chini. Alikuwa akijitahidi kuogelea kwenda chini, akifika katikati, mwili unamrudisha juu kama chupa tupu. Alijaribu mara tatu mbele ya macho yangu, kisha akaacha. Kule kuacha ndiko kulikoniogopesha kuliko kuelea. Wazo likaniingia, na sikuweza kulitoa: huyu akifa, dada naye hatatoka hospitali. Najua halina maana. Nililijua hata wakati ule.

Nikamtumia dada video nyingine ya zamani, nikajifunga kanga, nikaenda duka la dawa za mifugo.

Mwenye duka ni mtu wa makamo, mtoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akaikuza, akaitazama tena.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikamweleza. Nikamwomba dawa yoyote.

"Siwezi," akasema. "Dawa zangu napima kwa kilo za ng'ombe na mbuzi. Huyu nikikosea tone moja nimemuua. Nenda usimpe kitu chochote usichokijua, hata chumvi." Nadhani aliona uso wangu, maana hakunirudishia simu. "Ila nikuulize kitu. Kwetu ng'ombe akikataa majani na tumbo limejaa, tunauliza kwanza amemeza nini. Anaweza kula kamba, mfuko wa nailoni, chochote. Wako amemeza nini?"

"Anakula minyoo tu."

"Siulizi anachokula. Nauliza ndani ya hayo maji kuna nini kinachoingia mdomoni."

Nilichukua simu yangu bila hata kumuaga. Njia ya kurudi sijui niliipitaje. Nilichokumbuka ni jinsi anavyokula: hang'ati, anafungua mdomo ghafla na kuvuta kila kilicho mbele yake, maji na mnyoo pamoja. Na mimi nilikuwa nikimwekea minyoo juu ya vijiwe.

Nikapiga magoti mbele ya tangi, nikawasha tochi ya simu na kumulika tumbo kwa pembeni. Palikuwa na kivuli kigumu cha duara. Pembeni yake kingine, kidogo zaidi.

Simu ikalia mkononi mwangu hapo hapo. Dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Hii video uliyotuma leo ni ya siku ile mvua ya mawe iligonga bati. Nasikia bati. Huku nisipopata usingizi nazitazama zote, nazijua. Na ya jana nayo ni ya zamani. Amekufa?"

"Hajafa."

"Niambie ukweli. Hapa kila anayeingia ananitabasamia. Daktari ananitabasamia, nesi ananitabasamia. Na wewe usianze."

Nikamwambia yote. Vijiwe, mnyoo, mkia, kuelea. Nilipomaliza nikasikia gurudumu la kitanda likipita upande wake. Nilisubiri anitukane. Ningependa anitukane.

"Toa vijiwe vyote sasa hivi," akasema. "Halafu ondoa vitu kwenye friji."

Nilidhani ni dawa za maumivu zinazomsemesha.

"Friji?"

"Baridi kali inaupunguzia mwendo mwili wake, na kilichoziba hupata nafasi ya kutoka taratibu. Yule mtoto wa bosi alimfanyia hivyo mara moja, nilikuwepo. Chombo chenye kifuniko kilichotobolewa, maji safi yaliyolala. Usimtupe kwenye baridi ghafla, mshushe kidogo kidogo. Kipimajoto kisome kati ya tano na nane, kisishuke zaidi, asigande. Gubika na taulo kuwe giza. Maji yote ubadilishe kila siku, kwa maji yaliyopoa humo humo. Na usimlishe."

"Dada, na nikimuua?"

"Ukimwacha anaelea, tumbo litamuua. Fanya."

Friji yetu ilikuwa na samaki aina ya migebuka aliowaleta mume wangu kutoka Kasanga, mboga, na maziwa ya mama mkwe. Nilipoanza kutoa vitu, mama mkwe alisimama mlangoni.

"Unamweka yule pamoja na chakula?"

"Mama, nisamehe. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa anawekwa kwenye baridi?"

Nikaendelea kutoa vitu. Nilimhamisha kwenye chombo kwa kumchota na bakuli, bila kumgusa kwa mkono. Nikashusha joto kwa saa kadhaa, kwanza chombo mezani karibu na chupa ya barafu, kisha rafu ya chini ya friji. Alipozidi kupoa aliacha kusogea. Matamvua yalitulia. Nikafunga mlango wa friji, nikauegemea, na nikajisikia kama mtu aliyefunga jeneza.

Siku ya kwanza hakuna kilichotoka. Ya pili hakuna. Nilifungua kila saa, mpaka dada akanipigia na kuniambia kila nikifungua naingiza joto. Kila nilipofungua nilimmulika nione kama tamvua linacheza, na lilikuwa likicheza mara moja, kisha napumua mara nyingi kabla halijacheza tena. Wakati wa kungoja nilikuwa nakufa mimi.

Siku ya tatu umeme ukakatika adhuhuri, na nilikuwa nimepeleka sare shuleni. Nilisikia majenereta ya maduka yakianza kunguruma nikiwa njiani. Nikakimbia. Mimi mama mtu mzima, nikakimbia kwa kandambili barabara nzima, watu wananitazama.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, mgongo umeegemea mlango, blanketi lake zito la kijijini limezungushwa kwenye friji yote. Rozari mkononi.

"Sijaufungua," akasema. "Nawe usiufungue. Baridi iliyomo inatosha, ukiufungua itatoka."

Nikakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake mibovu. Umeme uliporudi, kipimajoto kilisoma nane kamili.

Siku ya nne, wakati wa kubadilisha maji, nilikiona kile kikubwa kimelala chini ya chombo, kimefunikwa na ute. Ukubwa wa punje ya hindi. Niliita kwa sauti kubwa hadi jirani akauliza kuna nini. Cha pili kilitoka jioni, bado jua lipo. Mama mkwe alivaa miwani yake, akaviinamia vyote viwili kwenye kisosi, akatikisa kichwa. "Hata ng'ombe asingemeza hivi," akasema, akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

Tulimrudisha kwenye joto la kawaida kidogo kidogo, kama alivyoshushwa. Tangi lilikuwa tupu chini, kioo kitupu. Siku mbili zaidi aliendelea kukataa, kisha asubuhi moja akavuta mnyoo mdogo, nikasikia ule mlio mdogo wa maji yanapoingia mdomoni mwake. Nilimtumia dada video hiyo. Hakutuma alama ya moyo. Alipiga, na alipopiga alikuwa akilia, na aliniambia majibu ya uvimbe wake yametoka, hakuna kibaya ndani, lakini hakutaka kuniambia jana yake kwa kuwa aliogopa akisema mapema yatageuka.

Dada alipata nafuu akaja kuishi nasi, na sasa anamlisha mwenyewe. Kuhusu vijiwe alinisamehe siku ile ile. Kuhusu zile video mbili ilichukua muda.

Hofu yenyewe haikwisha. Wiki iliyopita nilipita sebuleni na pini mdomoni, nikamwona yuko juu ya maji. Nikadondosha kitambaa, nikapiga kelele. Dada akatoka jikoni anakimbia na kidonda chake kilichopona, mama mkwe akatoka chumbani na fimbo. Tukasimama watatu mbele ya tangi. Aksoloti akameza hewa, akatoa povu moja dogo, akashuka taratibu hadi chini, akatulia.

"Alikuwa anapumua tu," dada akasema.

Tukaendelea kusimama pale, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.