Mabehewa ya Mwanabaraka

Katika nyumba za Dunda, mtaa wa Bagamoyo, mwanamke aliyejiweza alipanga sahani za kaure kwenye vidaka vya ukuta wa ukumbini, na mgeni alizisifu sahani hizo kabla hajaulizwa habari za nyumbani kwake. Vidaka vya Mwanabaraka binti Msabaha havikuwa na sahani hata moja. Vilikuwa na mabehewa ya gari la moshi. Yalikuwa manne, ya bati, kila moja urefu wa shubiri, yamepakwa rangi ya buluu iliyoiva au nyekundu ya damu ya mzee, yamechorwa mistari ya dhahabu ubavuni.

Mkwewe, Bi Biubwa, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba hii imeingiliwa na vitu vya kuchezea watoto wakati watoto wenyewe hamna. Mwanabaraka alimsikia, akaendelea kuyapangusa mabehewa yake. Mara nyingi hakuwepo hata kumsikia. Alikuwa kiguu na njia. Jungu likiwa mekoni, akipata habari kwamba chombo kimefika kutoka Unguja, alijitupia kanga akatoka, na Bi Biubwa ndiye aliyekoroga wali na kulalamika huku anakoroga.

Asili ya mambo haya ilikuwa safari. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, Mwanabaraka alikuwa yaya katika nyumba ya Bwana Nurbhai, tajiri wa sandarusi. Mkewe, Bibi Sakinabai, alipokwenda kwao Bara Hindi kuwaonyesha wazazi wake mjukuu, alimchukua na yaya. Walisafiri kwa meli ya moshi hadi Bombei, na kutoka Bombei wakapanda gari la moshi kwenda Surat, mwendo wa usiku mzima. Tajiri alikuwa amewachukulia watu wake behewa la kulala, lile la mabwana wakubwa. Mwanabaraka aliporudi Bagamoyo alikuwa na hadithi ambayo mjini hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuisimulia. Alisimulia vitanda, mapazia, taa za vioo, maji yanayotoka ukutani. Wanawake walimwita harusini ili asimulie.

Mikidadi, fundi seremala wa milango, alimwoa kwa ajili ya hadithi hiyo. Alisema hivyo mwenyewe. Alimsikia siku moja akiisimulia upenuni, akasimamisha randa, akaona kwamba angependa kumsikiliza mtu huyu maisha yake yote.

Behewa la kwanza lilitoka nyumba ile ile ya Bwana Nurbhai. Mtoto alikuwa amelivunja gurudumu, na Bibi Sakinabai akampa yaya wake wa zamani badala ya kulitupa. Mikidadi alichonga gurudumu la mpingo akalitia. La pili Mwanabaraka alilipata Unguja, kwenye duka la Mgoa mmoja aliyeuza vitu vya Ulaya, kwa kubadilishana na mkeka wa rangi aliousuka miezi mitatu. La tatu alilipata kwa mpishi wa meli. La nne ndilo lililoleta maneno, kwa sababu alikwenda Unguja kwenye harusi ya binamu yake, akasikia kuna behewa kwa Mgoa, akaiacha harusi siku ya kumtoa bibi harusi nje. Aliporudi nyumbani na kitu chake kimefungwa kitambaani, Bi Biubwa alikataa kula naye siku saba.

Lakini kila behewa lilipofika, furaha yake haikukaa. Siku ya kwanza alilipangusa, akalitembeza juu ya mkeka kwa kidole. Siku ya pili alilipeleka uani penye mwanga, akalishika karibu na jicho akichungulia madirishani. Madirisha yalikuwa ya kuchorwa tu. Rangi juu ya bati. Basi alilirudisha kidakani, na jioni hiyo hiyo utamwona anazunguka nyumba, anafunga mlango, anaufungua, anauliza kama kuna chombo cha kesho.

Alichokitaka kilikuwa behewa la kulala. Hakuwa nalo. Aliamini kwamba likipatikana hilo, ataweza kuketi.

Mwaka ule Wajerumani walipotweka bendera yao mjini, habari zilianza kwenda mbio. Watu walisimama njiani wakizungumza na kunyamaza ghafla. Wengine walianza kuhamisha nafaka kwenda mashambani. Katikati ya hayo baharia mmoja alimwambia Mwanabaraka kwamba Mgoa wa Unguja amepata behewa refu kuliko yote, na ubavuni limechorwa watu waliolala. Mwanabaraka alifunga nguo zake siku hiyo hiyo.

Mikidadi hakuwa mtu wa kukataza, lakini safari hii alikataza. Alimwambia mji hautulii, na akitoka huenda asipate njia ya kurudi. Alipoona uso wa mkewe, akaongeza kwamba atamchongea mwenyewe behewa hilo, kwa mti wa mninga, lenye mlango wa kufunguka na vitanda vya kweli ndani. Yeye amwelekeze tu.

Wakaanza. Mikidadi alichonga kiunzi kwa siku mbili, akatoboa madirisha kwa keekee, akamwita mkewe amwambie vitanda vinakaaje. Mwanabaraka akasema viwili vinaelekeana, katikati kuna njia. Mikidadi akafanya hivyo. Baada ya siku tatu mkewe akalitazama akasema siyo, vitanda vilikuwa kimoja juu ya kingine. Akavitoa, akachonga upya. Taa ilikuwa moja darini. Kesho yake zilikuwa mbili ukutani. Pazia lilikuwa jekundu, kisha kijani. Na kila alipoulizwa, Mwanabaraka alijibu akiwa amesimama, akitembea toka mlangoni hadi dirishani, mikono ikikosa pa kukaa.

Mikidadi aliweka patasi chini. Hakupandisha sauti. Alimuuliza kama safari ile anaikumbuka vizuri, maana ni zamani.

"Unaniita mwongo?" Mwanabaraka alisema.

"Nakuuliza vitanda vilikaaje."

Mwanabaraka alitoka. Alikwenda kwa dada yake, kijiji cha Mapinga, kwa miguu, akakaa huko siku mbili bila kulala vizuri, akarudi bila kuitwa. Kiunzi cha mninga kilibaki karakanani kimefunikwa gunia.

Haukupita muda, Bibi Sakinabai akampelekea mtu. Wahindi wengi walikuwa wanafunga maduka na kuvuka kwenda Unguja, na nyumba ya Bwana Nurbhai nayo ilikuwa inahama. Mwanabaraka aliwakuta wanafunga majamanda. Alisalimu, shikamoo Bibi, akaitikiwa marahaba, akakalishwa. Bibi Sakinabai alikuwa na mtoto mwingine mchanga, na alizungumza kwa haraka. Alisema watapita Unguja tu, wataendelea Bombei, na kutoka Bombei watapanda gari la moshi hadi Surat kama safari ile. Yaya hana. Mwanabaraka amemlelea mmoja, amlelee na huyu, aepukane na vita hivi vinavyokuja. Mumewe atamfuata mambo yakitulia.

Kwa miaka kumi Mwanabaraka alikuwa ameomba apate kusikia maneno haya. Mwili wake ulikwisha kusimama kabla hajafikiri. Kisha akauliza swali ambalo safari ya kwanza hakujua kwamba laweza kuulizwa.

"Bibi, ndani ya gari nitakaa wapi?"

Bibi Sakinabai alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ina maji. "Pale pale ulipokaa," alisema. "Kwa watumishi. Mtoto akilia nitakuita kituoni."

Hakulisema kwa ubaya. Mwanabaraka mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuona ubaya usoni pake. Alimwombea safari njema, akambusu mtoto, akaaga. Hakwenda pwani kusikiliza habari wala hakuzunguka sokoni. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akaliondoa lile gunia, akaketi sakafuni kwenye maranda, mbele ya mumewe.

"Sikuingia," alisema.

Mikidadi aligeuka kumtazama.

Akamweleza yote. Alisimama stesheni Bombei na mtoto mikononi. Mlango wa behewa ulifunguliwa, akaona ncha ya pazia na mguu wa kitanda kimoja na shuka nyeupe, basi. Bibi akampokea mtoto, mlango ukafungwa. Yeye akaonyeshwa behewa la nyuma, la mabao, lenye watu mia na kuku wao. Usiku kucha alikaa kwenye ubao akiwaza yaliyoko nyuma ya lile pazia, na kufika asubuhi alikuwa amekwisha kuyatengeneza yote kichwani, kitanda na taa na maji ya ukutani. Alipofika Bagamoyo watu wakauliza, naye akajibu. Baada ya hapo hapakuwa na mahali pa kurudi nyuma.

"Umenioa kwa uwongo," alisema.

Mikidadi alipangusa patasi ambayo haikuwa chafu. Alikuwa ameumia, na hakuficha. Alisema ilimpasa mkewe kumweleza mapema. Alipotaka kusema zaidi, wakasikia kelele njiani, watu wanakimbia, na mtu anapiga mlango akisema maaskari wameteremka kutoka meli ya vita.

Mizinga ilipoanza kulia, Dunda nzima ilikuwa njiani. Mikidadi alimbeba mama yake mgongoni, na zana zake chache zimefungwa kiunoni. Mwanabaraka alichukua unga, sufuria moja, na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na mabehewa manne ya bati, na lile la mninga juu yake, bila paa, bila vitanda. Walielekea Msata, kwa mjomba wake Mikidadi aliyeitwa Hija, mkulima.

Kwenye kivuko cha Ruvu watu walikuwa wamejaa hadi matopeni. Mwenye mtumbwi aliapa kwamba atavusha watu, hatavusha mizigo, isipokuwa chakula. Zamu yao ilipofika Bi Biubwa alikuwa hawezi kusimama, magoti yalikwisha. Alihitaji mtu wa kumshika kila upande. Mwanabaraka alikiangalia kikapu. Alichukua unga akaufunga kifuani. Akachukua lile la mninga, kwa sababu lilikuwa jepesi na liliingia chini ya kwapa, akakiacha kikapu kwenye matete pembeni, akakifunika majani. Mkwe wake aliona yote haya, na alipokaa mtumbwini alimshika mkono na hakuuachia hadi ng'ambo.

Siku ya nne Mwanabaraka alirudi mtoni peke yake, njia nzima, kutafuta. Matete yalikuwa yamelazwa na miguu ya watu. Hakukuta hata gurudumu.

Huko Msata alikuwa mtu wa mashaka. Aliamka kabla ya jogoo, akatwanga mahindi ya watu watatu, akaenda kisimani mara mbili pasipo haja ya maji. Mjomba Hija alimwambia Mikidadi, kwa upole, kwamba mke wake ataichosha ardhi. Wiki ya pili Mikidadi alimwita nyuma ya ghala, mahali alipokuwa ametandika ngozi na kuweka patasi mbili na kisu. Lile behewa lilikuwa mbele yake.

"Sikuulizi uliona nini," alisema. "Ungeingia, ungetaka ukute nini ndani?"

Mwanabaraka aliliinua, akachungulia madirishani. Hakuwa amewahi kujiuliza hivyo. Alisema angetaka kitanda kimoja tu, kipana, cha kamba, kama cha kwao, lakini chenye mto wa pamba. Angetaka dirisha kubwa upande wa kichwani, na komeo upande wa ndani wa mlango, alifunge yeye.

Walifanya kazi siku kumi na moja. Mikidadi alichonga, Mwanabaraka alisugua kwa majani ya msasa mpaka mninga ukang'aa, akasuka kitanda kwa uzi wa ukindu mwembamba kama unywele. Bi Biubwa alitoa kipande cha hariri kutoka kwenye mtandio wake wa kuzikwa nao, wakakifanya pazia. Komeo lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na lilifanya kazi. Wanawake wa Kikwere walikuja kulitazama, wakaingiza vidole, wakauliza linakokotwa na ng'ombe wangapi.

Lilipokwisha, Mwanabaraka aliliweka karibu na kichwa chake, na kwa usiku nne alilala kama mtu aliyevuna. Siku ya tano Mikidadi alimkuta ameketi kando yake, analigeuza huku na huku, uso umekunjamana.

"Kosa liko wapi?" aliuliza.

"Hamna kosa," alisema. "Hao watu wa humu watakula wapi?"

Mwaka uliofuata walirudi Bagamoyo. Paa la nyumba lilikuwa limeungua, kuta zimesimama. Mikidadi hakukosa kazi, maana mji mzima ulitaka milango. Hadithi ya Bombei Mwanabaraka aliisimulia tena mara moja, harusini, na safari hii aliisema ilivyokuwa, behewa la mabao na kuku na yote. Wanawake wengine walikasirika. Wengine walisema hii ni nzuri zaidi. Hakuitwa tena mara nyingi, na hakujali sana, kwa sababu tayari kulikuwa na kiunzi kipya karakanani, cha behewa la chakula, na yeye alikuwa hapatikani nyumbani. Alikuwa pwani tangu asubuhi, akiwauliza wapishi wa meli namna ya kuifunga meza isiteleze.