Swichi ya Bwawa la Mwenyekiti

Kitu cha kwanza mwenyekiti alichonunua baada ya kuhamia nyumba ya mzungu ni kaptula ya kuogelea. Kuogelea hajui. Shamba lile la upande wa Soy lilinunuliwa na kampuni ya watu wengi, wengine waliuza hadi ng'ombe wa mwisho ili wapate shea, halafu nyumba kubwa yenye bwawa ikamwendea mwenyekiti wa kampuni kwa kura. Kura gani, usiniulize. Mimi nilikuwa fundi wa stima tu, nilitoka Eldoret mjini na baiskeli na mfuko wangu wa vifaa.

Shida yake ilikuwa swichi ya usalama, ile inayojikata yenyewe stima ikivuja. Kila akiwasha mitambo ya bwawa, inaruka. Pampu inazima, maji yanageuka kijani, na alikuwa ameshaalika wakubwa waje kumwona alivyofika.

"Hii swichi ina wazimu," aliniambia. "Ifunge na waya isiruke tena."

Nikamwambia kama anataka kuzika wageni wake, atafute fundi mwingine.

Nilifanya kazi jinsi inavyofanywa. Unatoa kila kitu, unarudisha kimoja kimoja, unapima. Pampu ilikuwa inavuja stima kidogo. Taa za ndani ya maji nazo zilikuwa zinavuja kidogo. Kisha nikakuta waya mwingine, wa zamani, uliopita chini ya ardhi. Niliufuata mpaka chumba kimoja nyuma ya jikoni.

Hapo alikaa mama mzee aliyempikia yule mzungu tangu akiwa msichana. Mzungu ndiye aliyemvutia waya kutoka kibanda cha pampu ili awashe balbu moja. Shea hakuwa nayo, na kwao kwingine hakukuwako. Wanachama walikuwa wamekubaliana mkutanoni abaki pale, mradi asisumbue mtu. Mwenyekiti alikitaka chumba hicho akiweke dereva wake, ila alikosa sababu. Hayo yote mama aliniambia mwenyewe akinimiminia chai, mimi nimeshika waya wake mkononi.

"Baba, hiyo waya ni mbaya?" aliuliza.

"Imezeeka tu, Mama. Nitakuwekea ingine."

Nilikuwa nayo kwenye mfuko.

Nikarudi kwa mwenyekiti nikamweleza polepole. Pampu inavuja kidogo, taa zinavuja kidogo, waya wa mama unavuja kidogo. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuangusha swichi peke yake, lakini swichi inajumlisha. Vitengenezwe vyote, shida imekwisha.

Alisikia kimoja tu. "Kumbe ni huyo mama anakula stima yangu," alisema, na haki ya Mungu, alifurahi. Nilibishana naye mpaka koo likanikauka. Waya ukakatwa kwa amri yake siku hiyo hiyo, kabla sijaubadilisha. Kwenye mkutano uliofuata aliwatangazia wanachama kwamba fundi kutoka mjini amehakikisha mama anasumbua. Mimi hakuna aliyeniita nikaulizwa. Mama akatolewa na sufuria zake, akaenda kujibanza kwa mtu wa kanisa lake huko Kiplombe.

Pampu na taa hazikutengenezwa, lakini swichi ilishika. Kilikuwa kiangazi na kila kitu kimekauka. Wakubwa walikuja, wakala mbuzi, wakapigwa picha kando ya maji.

Mvua ilipoanza, pampu ikalowa, taa zikaingia maji zaidi, na swichi ikarudia kuruka. Akanitumia mtu. Nilienda kwa sababu nilitaka kumtazama usoni. Nyuma ya jikoni, dereva alikuwa ameanika nguo mlangoni mwa mama, na chumba kilikuwa kimeshavutiwa waya mpya kutoka nyumba kubwa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya bwawa la kijani, mikono kiunoni.

"Fundi," aliniuliza, "sasa ni nani?"