Ngao Ambayo Mkasi Hakuivaa

Mchana, wateja wakipungua, fundi cherehani alisukuma vitambaa pembeni, akaegemeza simu kwenye boksi la nyuzi na kuvaa hedifoni. Tangu mkewe afariki na binti yake aolewe mbali, waliomchangamkia walikuwa humo ndani ya simu. Huko, kwenye mchezo wa mapambano ya timu, aliitwa Mkasi, mlinda lango.

Wenzake hakuwahi kuwaona kwa macho. Kapteni alikuwa mwoka mikate, wakimwita Mama Mkate. Dereva alicheza lori lake likipakuliwa. Kabla ya kila pambano, kila mmoja alisema amekula nini.

"Chai," Mkasi alijibu siku zote.

"Chai si chakula, Mzee," Dereva alimtania. "Ndiyo maana lango linapitisha upepo."

Mwanzoni wenye mchezo walikuwa wakiuza mavazi ya wahusika tu. Mkasi mwenyewe alinunua koti jekundu, akalalamikia mishono yake wiki nzima, lakini pesa hakuijutia. Waliotengeneza mchezo nao wana watoto wa kulisha. Kisha wakaanza kuuza panga kali na ngao zisizovunjika. Hapo alikasirika.

"Koti langu halimpunguzii mtu nguvu," aliwaambia wenzake. "Lakini ukiuza ushindi, asiye na pesa unamwita aje apigwe. Tusinunue." Wote wakakubali.

Siku ya mtoano aliwakuta kwenye ukumbi wa mchezo wanang'aa, ngao mpya mikononi.

"Usinune, Mzee," Dereva akasema. "Na yako tumekuchangia. Angalia sandukuni."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, tukachapwa mpaka tukazoea."

Mama Mkate akaingilia kwa upole. "Ivae, baba. Usiwavalie wenye mchezo, tuvalie sisi."

Mkasi aliitazama ile ngao. Hakukumbuka ni lini mtu alimnunulia kitu mara ya mwisho. Angeivaa, angebaki nao; ni kubonyeza tu.

"Asanteni sana," akasema. "Sitaivaa."

"Basi kaa nje, nimtafute mwingine," Dereva akasema.

"Ataingia na yake ya zamani," Mama Mkate akakata maneno.

Wakaingia. Leo hakuna aliyeuliza nani amekula nini.

Ngao ya zamani ilipasuka kwa mapanga ya kununuliwa, lango likaanguka, na timu ikatolewa.

"Umeridhika?" Dereva akauliza.

"Sijaridhika. Lakini kesho ningefanya vilevile."

"Tupumzike kidogo," Mama Mkate akasema, akakata sauti.

Juma lililofuata Mkasi alipofungua mchezo, jina lake halikuwa tena kwenye timu. Langoni alisimama mtu mwingine. Hawakumtukana wala kumuaga.

Alikaa, mguu juu ya kanyagio la cherehani bila kulikanyaga. Kisha akawaandikia wenye mchezo, taratibu, kwa kidole kimoja: "Uzeni mavazi, nitanunua. Ushindi uacheni bila bei. Mimi nilikuwa na wenzangu humo."

Jibu liliingia kabla hajaweka simu chini. Lilimshukuru, likamwita mchezaji mpendwa, likamtangazia upanga kwa bei ya punguzo.

Alilisoma neno kwa neno, akarudia, akitafuta kama kuna mtu aliyeliandika.