Siku Nilipotoa Maoni Kuhusu Bomba la Likoni

Jamani, haya nayasimulia kwa kuwa wengi waliokuwako wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wamechoka kunicheka. Juzi binti yangu alinifungulia tovuti ya serikali kwenye simu nitoe maoni kuhusu barabara yetu, akanisomea masharti kwanza: usitukane, usitaje mtu jina, usitangaze biashara, usitoke nje ya mada. Nikamwambia funga, mwanangu, masharti hayo nayajua tangu miaka ya themanini, na aibu niliyoipata nayo haina mfano.

Wakati ule nilikuwa kijana fundi cherehani, suruali pana miguuni, nywele zimetiwa mafuta mpaka zang'aa (msinicheke, ndiyo iliyokuwa fasheni). Zuhura alikuwa akileta nguo dukani kwetu kupunguzwa, nikampenda, mama akapeleka posa, na jibu tulikuwa tukalifuate Ijumaa. Kwao nilikuwa sikujui. Nilijua tu ni upande wa Mtongwe, hukuhuku Likoni, nyumba yatazama msikiti, maana siku zile kijana ukionekana wazungukazunguka nyumba ya binti wa watu unajitafutia maneno.

Basi wiki hiyohiyo chifu akaita baraza kuhusu maji, akasimama na kofia yake ya kaki akasoma masharti kwenye kipaza sauti: hakuna matusi, hakuna kutaja jina la mtu, hakuna kutangaza biashara, na neno likishaandikwa na katibu halifutwi. Mimi nilikwenda kusikiliza tu, wallahi. Lakini nikamwona Zuhura kwenye mkeka wa wanawake, kajitanda buibui, ananitazama, nikaona leo ndiyo siku ya kumwonyesha kuwa mimi si mtu wa sindano na uzi peke yake. Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti.

"Chifu, mimi sitaji mtu jina," nikaanza, "ila kuna mama mmoja pale nyuma ya bomba, mwenye mlango wa kijani. Kila alfajiri maji yakija huunga mpira mpaka kwenye mapipa yake, sisi twabaki na ndoo kavu."

Watu wakaguna, "Kweli, kweli!" Ningekoma hapo ningesalimika. Lakini kule kuungwa mkono kulinipanda kichwani, nikaongeza, "Na bata wake, chifu, bata wa mama huyo huoga kuliko watoto wetu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Zuhura akajifunika uso kwa buibui, nami nikajua anacheka. Kumbe! Mama mnene aliyekaa ubavuni pake akainuka polepole, akajifunga kanga kiunoni.

"Mpira ni wangu," akasema. "Na bata ni wangu. Huyu kijana ni wa nani?"

Shangazi yangu Mize, aliyekuwa mshenga wetu, na ambaye hajawahi kuweka neno kinywani likalala, akaropoka, "Bi Rukia, si ndiye yule wa Ijumaa!"

Kumbe ule mlango wa kijani ulikuwa wa uani, na mbele nyumba yatazama msikiti: ndiko kwao Zuhura. Nikasema, "Chifu, naomba kufuta."

"Katibu keshaandika."

"Basi niongeze. Mama huyu hupika mahamri mazuri sana, kila mtu akanunue kwake!" (Sijawahi kuyaonja, harufu tu nilikuwa nikiipata nikipita.)

"Hilo ni tangazo la biashara!" chifu akafoka. "Keti!"

Nikaketi, nikanong'ona, "Mama yangu ataniua," na kwa kuwa kipaza sauti bado nilikuwa nacho mkononi, Likoni yote ikasikia.

Ijumaa mama na shangazi wakaenda, mimi nikabaki nyumbani sili sinywi. Waliporudi mama hakutabasamu. "Bi Rukia asema kwake hakuna katibu. Ukiwa na maoni, uende ukamwambie mwenyewe mlangoni."

"Na Zuhura?"

"Nenda kwanza."

Nikaenda, nikapiga hodi, nikatoa shikamoo nimeinama kama niliyeangusha shilingi. "Marahaba," akajibu. "Mpira nimeutoa. Watu wana haki yao. Lakini lile la bata, mwanangu, lile la bata limeniuma." Nikaomba radhi, na ghafla yeye mwenyewe akacheka mpaka akajishika ubavu, akaniita ndani, akaniwekea mahamri. Yalikuwa mazuri kweli, tena kuliko nilivyoyatangaza.

Zuhura nilimuoa. Mama mkwe aliniita "Mheshimiwa" mpaka Mungu alipomchukua, na yale mazungumzo ya mlangoni pake, yeye ana kikombe cha kahawa, mimi nina langu la kusema, natamani yarudi hata alasiri moja. Tangu hapo nikiwa na neno na mtu nampigia hodi, namwambia taratibu. Mwaka jana, harusini kwa binti yetu, waliponiletea kipaza sauti niseme machache kama baba, nilimsukumia Zuhura kikiwa bado hakijawashwa.