Sato wa Mgeni na Swichi Kuu

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyeozesha samaki wa mgeni kutoka makao makuu, na nilifanya hivyo nikitafuta sifa.

Ofisi yetu ipo Nyamagana, Mwanza, ghorofa ya tatu, madirisha yanatazama ziwa. Nilipoajiriwa kwa majaribio nikaanza maswali yangu (chuo kiliniharibu, mama yangu husema): kwa nini kiyoyozi kiwake na upepo wa ziwa upo bure, kwa nini tuchape barua tunayoweza kuisoma kwenye simu, kwa nini mashine zikeshe zinawaka Jumamosi na Jumapili wakati sisi tuko makwetu Kiseke tunafua? Mzee Masanja, meneja, akachoka kunijibu, akanikabidhi mpango mzima wa kubana matumizi ya umeme, ukifaulu ataniombea ajira ya kudumu.

Basi Ijumaa akafika Mama Adela wa makao makuu kuukagua, nami nikaona nimwonyeshe kazi. Badala ya kuzima kimoja kimoja kama kawaida, watu walipotoka nikaenda kwenye swichi kuu.

"Kaka, umeangalia friji?" akaniuliza Dada Neema, mfanya usafi wetu.

"Lina maji ya chupa tu, dada yangu. Maji hayaozi."

"Haya, msomi."

Sasa jamani, nani hajui kwamba mgeni haondoki Mwanza bila sato, samaki wa ziwa letu? Mama Adela alishapita mwaloni, soko la samaki, mchana, akanunua sato wakubwa, akawapanga kwenye friza ya friji la ofisi wasubiri ndege ya Jumatatu. Mji mzima ungebahatisha hilo, isipokuwa mimi.

Jumatatu nimesimama mbele ya wote, shati jeupe, najisifu kwamba mita haikusogea tangu Ijumaa mpaka nilipowasha asubuhi ile, kumbe jikoni Dada Neema anafungua friza. Harufu ikaingia. Nikasema ni ziwa, nikafungua madirisha, ikazidi. Kisha maji mekundu yakapita chini ya mlango, taratibu, yakielekea kwenye viatu vya Mama Adela.

"Hao si sato wangu?" akauliza kwa upole ulionitisha kuliko kelele.

"Labda umeme ulikatika," Mzee Masanja akasema huku akinitazama, akinifungulia njia ya kuponea.

Kila mtu angeamini. Lakini kama umeme ulikatika, basi mita ilitulia kwa sababu hiyo, na mpango wangu haujaokoa chochote.

"Shikamoo tena mama," nikasema, sijui kwa nini, chumba kizima kikacheka. "Umeme haukukatika. Nilizima mimi, na friji sikulifungua."

"Marahaba. Ndege yangu ni saa tisa."

Nikapanda bodaboda mpaka mwaloni na shati langu jeupe, nikarudi na sato wabichi na magamba mpaka shingoni. Mama Adela akawakagua mmoja mmoja kwa makini kuliko alivyoukagua mpango, akamwambia Mzee Masanja: "Mpango uendelee, na matawi mengine yaige. Friji liwekewe swichi yake. Na kijana mbakishe, angalau hadanganyi."

Leo ofisi yetu inalala gizani kila Ijumaa, matawi mengine yanapiga simu kuniuliza mimi, na wenzangu wananiita Sato. Naitika, tena kwa sauti. Ila nimeapa, swichi kuu siigusi tena kabla sijafungua kila kabati la ofisi kwa mikono yangu, hata nikidhaniwa mwizi.